Kuchagua Vali ya Amplifaya

Katika miaka ya 1970, Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers walivuma Ukambani: Kitui, Machakos, na upande ule ambao mwaka 1992 ulitengwa na Machakos ukawa Wilaya ya Makueni. Gitaa la umeme kama lao, ewe msomaji, halijazi uwanja pasipo amplifaya, na amplifaya za kwanza za gitaa ziliendeshwa kwa vali.

Vali ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo ndani yake chuma hupashwa moto hata kikatoa elektroni. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza humo wavu mdogo wa kuzitawala; ndipo sauti hafifu ikaweza kukuzwa. Transista, iliyovumbuliwa 1947, iliiondoa vali katika redio. Wapiga gitaa wengi hawakukubali kuiacha, nami siwalaumu.

Ila vali huchakaa, na kuipatia badala kwataka akili, maana EL34 na 6L6 huingia katika soketi ile ile ya matundu manane. Ya kwanza hudai ampea 1.5 za kupashia moto, ya pili 0.9 tu. Ukitia EL34 katika amplifaya iliyoundwa kwa 6L6, transfoma yaweza kuungua. Fundi hodari, awe Kitui mjini au Wote, husoma kwanza namba iliyopigwa ndani ya sanduku. Wewe usilifungue: hata ukichomoa waya ukutani, volti mia kadhaa huweza kubaki katika kapasita, nazo huua.