Kangaja wa buluu hafai tangi dogo la nyumbani

KANGAJA wa buluu, ajulikanaye kitaalamu kwa jina la Acanthurus leucosternon, ni samaki wa miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, ikiwamo pwani ya Kenya na Tanzania. Rangi yake huwavutia wengi wanaofuga samaki wa baharini majumbani.

Hata hivyo, tangi la lita 200 halimtoshi. Baharini huogelea mchana kutwa akila mwani miambani, na akikomaa huweza kuzidi sentimita 20.

Akibanwa hudhoofika, huwashambulia wenzake kwa miiba mikali iliyo kwenye shina la mkia, na hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe uletwao na kimelea Cryptocaryon irritans. Dawa ya shaba inayoutibu ugonjwa huo hudhuru matumbawe, hivyo mgonjwa hana budi kutibiwa katika tangi jingine.

Samaki huyu huhitaji tangi lenye urefu wa karibu meta 2. Mwenye tangi dogo ni heri achague samaki wa anemoni, Amphiprion ocellaris, asiyezidi sentimita 11 na asiyekwenda mbali na makazi yake.