Mchakamchaka na Kengele ya Alfajiri

Sisi tuliosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hatukuanza kukimbia kwa hiari. Tuliamshwa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kiranja wa zamu aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mwembe, na kabla mlio haujafifia kila mwanachuo alipaswa kuwa mstarini, amevaa kaptura, macho yakiwa bado mazito kwa usingizi. Tuliondoka wawili wawili. Mmoja alianzisha wimbo, wengine tukaitikia, na miguu ikapiga chini kwa mpigo mmoja hadi barabara kuu na kurudi. Huo ndio mchakamchaka, na sidhani kama yuko Mtanzania wa rika langu aliyepita shule asiyeujua.

Leo nina miaka 74, na bado natoka asubuhi. Mkwe wangu, kijana mwenye kazi nyingi ofisini, aliniuliza siku moja: "Baba, moyo huo unautoa wapi? Mimi naanza Jumatatu, Alhamisi nimeshaacha." Nilimjibu kwa mzaha, lakini swali lake lilinikaa. Kila nilipolitafakari niliona kuwa jibu halimo kifuani mwangu. Limo katika historia, ya nchi yetu na ya kwangu mwenyewe, na sehemu moja ya historia hiyo si ya kujivunia.

Nianze na ya nchi. Mchakamchaka ulikuwa desturi ya kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na sisi wa vyuoni na mashuleni tuliufuata kwa nyimbo zile zile za taifa na za kazi. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na baada yake, mwaka huo huo, Elimu ya Kujitegemea. Oktoba ya mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio. Mtoto aliyeona kiongozi wa nchi akienda kwa miguu siku nyingi hakuweza kulalamika sana akiambiwa azunguke kijiji kabla ya uji.

Ratiba yetu ya chuo ilikuwa hivi. Alfajiri, mchakamchaka wa nusu saa. Mchana, baada ya masomo, siku mbili au tatu za wiki tulishika majembe kwenye shamba la chuo. Siku nyingine tulichota maji mtoni kwa ndoo, au tulibeba matofali. Jumatano na Ijumaa jioni kulikuwa na mpira wa miguu na netiboli. Siku hizi wataalamu wanashauri mtu asikimbie tu kila siku, bali achanganye mbio na mazoezi ya nguvu, ya kunyoosha viungo na ya mwendo wa aina nyingine, ili misuli isichoke upande mmoja na akili isikinai. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Nilipousoma nilichukua kalamu. Mchakamchaka wa nusu saa kwa siku tano ni dakika 150 kamili, na jembe ni siku mbili. Tuliyafanya yote hayo bila kujua jina lake, na tulinung'unika kila siku.

Wakati ule tulikuwa na shujaa wa kutajwa kila tulipochoka: John Stephen Akhwari, mkulima kutoka Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, alianguka njiani akaumia vibaya goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, akachechemea hadi mwisho. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27, akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali azimalize.

Habari hiyo inajulikana dunia nzima. Lakini iko nyingine ambayo wengi hawaitaji, nami naiona kubwa zaidi. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Kati ya usiku ule wa Mexico na mchana wa Edinburgh kulikuwa na miezi ishirini na zaidi. Katika miezi hiyo palikuwa na asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyezipiga picha: goti la kupona polepole, shamba la kulima, na barabara ya kukimbia. Historia huandika siku ya mashindano. Asubuhi za katikati haiziandiki, na mbio zimo humo.

Filbert Bayi ni mfano wa pili. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, mbele ya John Walker wa New Zealand. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, na shuleni kwetu watoto walikimbia wiki nzima wakijiita Bayi. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaica, akaweka rekodi ya maili moja. Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 ilingojewa kama pambano lao wawili. Halikuwapo. Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker alichukua medali ya dhahabu, Bayi hakukimbia.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, umejiandaa kwa siku moja na siku hiyo ikaondolewa, si kwa kosa lako. Wengi wangetundika viatu. Mwaka 1980, mjini Moscow, Bayi alirudi katika mbio nyingine kabisa, za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ambamo mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na dimbwi la maji mara 7. Akapata medali ya fedha. Lengo lake la kwanza lilipokufa hakukaa akililia. Aliyachukua mapafu yale yale na miguu ile ile, akaifundisha kazi mpya.

Msomaji ataniambia: Bayi alikuwa mwanajeshi, na mazoezi kwa mwanajeshi ni sehemu ya kazi. Sisi wenye madaftari, maduka na watoto je? Basi nimtaje Roger Bannister wa Uingereza, mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Alifanya hivyo Oxford tarehe 6 Mei 1954, kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini London, na muda wake wa mazoezi ulikuwa saa ya chakula cha mchana. Na siku yenyewe hakukimbia peke yake: rafiki zake Chris Brasher na Chris Chataway walimvuta kwa zamu hadi karibu na mwisho. Alikuwa na saa maalumu, na alikuwa na wenzake. Nimeyaweka mambo hayo mawili kando, nitayarudia.

Sasa historia yangu, ile nisiyojivunia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Elimu ya Msingi kwa Wote. Madarasa yalijaa watoto, walimu tulikuwa wachache. Asubuhi nilifundisha, mchana nilifundisha zamu ya pili, jioni kisomo cha watu wazima, usiku andalio la somo kwa taa ya chemli. Katika hali hiyo mwalimu hutafuta njia za mkato, nami niliipata yangu. Mtoto aliyechelewa shule nilimwamuru azunguke uwanja mara nne. Viboko niliviona vibaya. Mbio niliziona adhabu ya kistaarabu, tena yenye afya.

Kulikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyetoka ng'ambo ya mto, mwendo wa kilomita sita hivi. Alichelewa karibu kila siku, na karibu kila siku alizunguka. Alikimbia kwa wepesi, kichwa kimetulia, bila kuhema. Yalipokaribia mashindano ya riadha ya tarafa nilijua tayari nitamchagua nani. Nikamwita mbele ya wenzake, nikamwambia, "Haya, kimbia tukuone." Alinitazama, akakunja mikono kifuani kama walivyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu, akauliza, "Mwalimu, nimekosa nini?"

Watoto wengine hawakucheka. Kwao lilikuwa swali la kawaida. Alikimbia, kwa kuwa niliamuru, lakini tarafani alikimbia kama mtu anayemaliza adhabu yake, na mwaka uliofuata hakujiandikisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila asubuhi, kabla ya kuvuka mto, alikuwa akifungua ng'ombe wa baba yake. Alikuwa amekwisha kukimbia kilomita sita ili asichelewe, nami nikimlipa kwa raundi nne. Mbio niliziondoa katika adhabu zangu. Radhi sikumwomba, mwalimu wa zama zile hakumwomba mtoto radhi. Alimaliza darasa la saba, wakahama, sikumwona tena. Kama angali hai ana umri wa kuwa babu, na sijui kama anapoona watu wakikimbia barabarani anajiuliza wamekosa nini.

Mwaka 1986 nilipewa shule kama mwalimu mkuu. Hapo niliacha kukimbia. Sikuacha kwa siku moja. Kwanza niliwaachia walimu vijana mchakamchaka wa alfajiri, kwa sababu nilikuwa na taarifa ya kuandika. Halafu nikapata baiskeli, halafu pikipiki. Mshahara haukutosha, jioni nilikaa dukani kwa mke wangu. Mchakamchaka wenyewe shuleni kwetu ulipungua hadi ukabaki wa siku za sherehe. Mwaka 1999, nikiwa na miaka 49, nilipanda ngazi za ofisi ya elimu wilayani nikalazimika kukaa kwenye ngazi. Zahanati walinipima: 170 kwa 110. Mganga, kijana niliyemfundisha hesabu, alisema kwa upole, "Shikamoo Mwalimu. Dawa nitakupa, lakini lazima mwili utembee."

Nilikwenda nyumbani nimejaa nia. Nikanunua raba. Nilikimbia siku nne, nikaacha. Baada ya Pasaka nikaanza tena, nikaacha. Mara ya tatu niliacha kwa mvua, na mvua ilipokatika sikurudi. Nilijiona mtu dhaifu. Ndipo nilipokumbuka kile kipande cha reli kwenye mwembe. Nilikuwa nimekimbia miaka mingi bila nia yoyote, na sasa nina nia tele, sikimbii. Basi nia haikuwa ndiyo iliyonikimbiza. Iliyonikimbiza ni saa isiyobadilika na wenzangu waliokuwa mstarini.

Nikatafuta kengele yangu. Jirani yangu alikuwa dereva wa basi, amezoea kuamka usiku. Tukapatana. Saa kumi na moja na nusu anagonga dirisha langu kwa fimbo, na asiyetoka anamnunulia mwenzake chai. Pili, nilikwenda kwa shughuli: maziwa ya nyumbani yalitoka kwa mfugaji aliye kilomita mbili unusu, nikayafuata mwenyewe, kwenda mbio na kurudi kwa kutembea na kidumu mkononi. Tatu, nilichanganya. Jumanne na Alhamisi ni jembe, Jumamosi ni baiskeli, na wiki ya kazi nyingi nilitoka dakika kumi na tano tu, lakini nilitoka. Moyo haukuwapo siku ya kwanza. Ulikuja baada ya miezi kama minne, bila kuitwa, asubuhi moja jirani alipochelewa nami nikajikuta nimesimama nje namngoja.

Ugonjwa haukuondoka wote. Dawa nameza hadi leo. Jirani yangu alifariki miaka sita iliyopita. Wiki mbili sikutoka. Kisha nikamwomba mjukuu wake, fundi cherehani anayefungua mapema, anigongee akipita. Hukimbii naye kijana wa miaka 30 ukiwa na yangu, hivyo yeye hunitembeza hadi kwenye daraja ndipo aendelee.

Nilimwandikia mkwe wangu haya kwa ufupi. Nilimwambia asiungojee moyo. Atafute saa moja isiyobadilika, mtu mmoja wa kumgongea na kazi moja ya kuifuata. Na kama ana watoto, asiwakimbize kwa kosa. Awachukue wakimbie pamoja naye, waimbe wakitaka, ili wasije kumuuliza mtu yeyote swali nililoulizwa mimi.