Mihuri ya mawe ya Waashuru

Muhuri wa Waashuru ulikuwa kipande kidogo cha jiwe kilichochongwa picha upande mmoja. Ulitumika kuthibitisha mikataba, kulinda mali na kupeleka amri katika dola ya Ashuru, iliyokuwa na makao yake kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Iraki.

Mihuri hiyo ilichongwa kwa akiki na mawe mengine. Picha zilizamishwa ndani ya jiwe, hivyo lilipogandamizwa kwenye udongo mbichi, zilitokeza juu. Zilizopendwa ni mwezi mwandamo, nyota na mtu akisali mbele ya alama za miungu. Mingi ilitobolewa tundu ili mwenyewe aivae kwa uzi.

Kwa muda mrefu uliotawala ni muhuri wa silinda, uliobiringishwa juu ya udongo. Muhuri wa kugandamiza ulipata nguvu tena pale Kiaramu, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi na mafunjo, kilipoingia katika shughuli za serikali. Waraka ulikunjwa, ukafungwa kwa uzi, kisha donge dogo la udongo likabandikwa kwenye uzi huo na kupigwa muhuri.

Ikulu nayo ilikuwa na wake. Tangu karne ya 9 KK, enzi za Shalmaneser III, ulionyesha mfalme akimchoma simba kwa upanga. Kwa upande wa raia, muuzaji asiye na muhuri alibonyeza ukucha wake katika udongo wa mkataba, mfano wa dole gumba la leo.

Katikati ya karne ya 19, Austen Henry Layard alifukua madonge ya aina hiyo katika magofu ya Ninawi, mji ulioteketezwa mwaka 612 KK. Moja lina chapa ya Shabaka, mfalme wa Kushi aliyetawala Misri, nalo limehifadhiwa British Museum, London. Nyaraka zilitoweka, udongo ukabaki.

Hata hivyo, urithi huo umo hatarini. Aprili 2003, Makumbusho ya Taifa ya Iraki mjini Baghdad yaliporwa, na maelfu ya mihuri ya kale, hususan ya silinda, yakachukuliwa. Udogo wake ndio unaoiponza, kwani hutoshea mfukoni. Aidha, muhuri uliochimbwa kwa siri hupoteza habari za mahali ulipotoka. Jiwe lililotengenezwa ili kumtambulisha mwenyewe hubaki pambo lisilo na mwenyewe.