Kabla ya Neva Kulikuwa na Engiro

Kuna gemu inaitwa Neva. Ilitoka Oktoba 2024, kazi ya Nomada Studio ya Barcelona, walewale waliotengeneza Gris mwaka 2018. Imechorwa kwa mkono, na ukiisimamisha popote utadhani ni picha ya kutundika ukutani. Unamcheza mwanamke anayeitwa Alba, akisafiri na mtoto wa mbwa mwitu. Misimu inapita, yule mtoto anakua, mpaka anaota pembe. Mapigano yapo, lakini moyo wa gemu ni mpole. Kuna kitufe kimoja ambacho kazi yake ni kuita tu: ukikibonyeza, Alba anataja jina la mnyama wake.

Nimeicheza hapa Lodwar kwenye laptop ya rafiki yangu, na kitu kilichonikaa kichwani ni hicho kitufe. Maana sisi Waturkana, ukiwauliza wazee tulitoka wapi, watakuanzia na mnyama ambaye kuitwa hakukumrudisha.

Wanasema zamani tulikuwa kitu kimoja na Wajie, kule Karamoja, Uganda. Fahali wa kijivu, Engiro, akapotea. Akaelekea mashariki, akateremka mpaka bonde la mto Tarach. Vijana wakafuata nyayo, wakamkuta akiwa na mama mmoja, Nayece, aliyekuwa akiokota matunda ya porini. Kila msimulizi ana namna yake ya kupanga nani alitangulia kufika. Mwisho ni uleule: nyasi zilikuwepo, matunda yalikuwepo, watu wakahamia. Kilima cha Moru Anayece kimebeba jina la yule mama mpaka leo. Mustafa Kemal Mirzeler aliandika kitabu kizima, mwaka 2014, kuhusu Nayece na fahali huyo.

Kwa hiyo kwetu aliyeongoza njia ni mnyama. Binadamu alifuata.

Na hilo likaingia kwenye majina. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai wake kipenzi. Humvisha kengele shingoni, humtungia nyimbo, na kwenye ngoma ya edonga hunyanyua mikono kuiga pembe zake. Halafu yeye mwenyewe anachukua jina kutoka kwa maksai huyo: linaanza na "Apa", yaani baba, kisha inafuata rangi au umbo la mnyama. P. H. Gulliver aliandika kuhusu majina ya aina hii kwa ndugu zetu Wajie mwaka 1952. Alba anamwita Neva. Huku, ukimwita mzee kwa jina lake la heshima, umemtaja ng'ombe pia.

Sasa fikiria mwaka 1918. Waingereza walileta majeshi kutoka Kenya, Uganda na Sudan kuivunja Turkana, msafara uliojulikana kama Labur Patrol. Ebei aliongoza upinzani. Mifugo ikaswagwa kwa makundi makubwa, na familia zikabaki mikono mitupu. Kwenye ripoti za serikali, ng'ombe huhesabiwa kwa idadi. Lakini mtu aliyeporwa maksai wake aliendelea kuitwa kwa rangi ya yule maksai, na hakuna askari aliyeweza kuliswaga jina.

Kakuma nako kuna ushahidi wa jambo hilohilo. Kambi ilianzishwa 1992, kando ya Tarach ileile ya Engiro, na miongoni mwa wa kwanza kupokelewa walikuwa vijana wa Kidinka waliokimbia vita Sudan. Walifika bila ng'ombe hata mmoja. Lakini sikiliza majina: Mabior ni dume jeupe, Malual ni dume jekundu. Hata Lual Mayen, mtengenezaji gemu aliyelelewa kambini kaskazini mwa Uganda na aliyebuni gemu ya Salaam kuhusu ukimbizi, jina lake Mayen ni la rangi ya ng'ombe.

Siandiki haya kwa raha ya hadithi tu. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Rika langu hapa mjini lina boda na simu, na wengi wetu hatuna maksai. Sisi tutaitwa nani? Na je, tunajua babu zetu waliitwa nani?

Ningetengeneza gemu ya Lodwar, ningeweka kitufe cha kuita. Ukikibonyeza, ng'ombe haji. Unasikia tu kengele mbali, upande wa Tarach, halafu sauti inakutaja wewe, kwa rangi yake.

Mpaka hapo itakapotengenezwa, piga simu nyumbani. Uliza babu aliitwaje kwenye edonga, na ng'ombe huyo alikuwa na rangi gani. Andika kabla chaji haijaisha.