Amplifaya ya valvu ya gitaa: matengenezo na marekebisho pwani ya Tanga

Amplifaya ya valvu ni mtambo unaokuza umeme dhaifu utokao kwenye gitaa, kwa kutumia valvu za kioo zilizotolewa hewa, hadi uweze kusukuma spika. Ilitawala majukwaa miaka ya 1950 na 1960, kabla ya transista kuenea. Kwenye pwani ya Tanga, adui zake wakubwa ni unyevu na hewa ya chumvi. Fundi mzuri huifanya iwe salama kwanza, kisha hulinda sauti yake ya asili.

Historia

Tanga ni mji mkongwe wa gitaa la umeme. Bendi za dansi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilivuma hapo miaka ya 1960. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipigia Jamhuri kabla ya kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Vikundi vya Black Star na Lucky Star navyo viliingiza gitaa la umeme kwenye taarabu. Vyombo vya bendi za Tanzania kwa kawaida vilikuwa mali ya chama au ya mwenye vyombo, si ya mpigaji, hivyo amplifaya moja ilipita mikononi mwa wengi.

Muundo

Sehemu kuu ni transfoma ya umeme, rektifaya, kapasita za kuchuja, valvu za awali, valvu za nguvu, transfoma ya kutolea sauti na spika. Vox AC30 ya Uingereza, kwa mfano, hutoa wati 30 kwa valvu nne za EL84. Valvu mpya za aina hiyo bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China.

Hitilafu za pwani

Chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye soketi na swichi, na sauti huanza kukwaruza. Koni ya karatasi ya spika hunyonya unyevu na kulegea. Kapasita za kuchuja hukauka kwa uzee, na amplifaya huvuma hata gitaa likiwa limenyamaza. Kapasita ya kuunganisha ikivuja, valvu ya nguvu hupitisha umeme kupita kiasi hadi bamba lake la ndani likawa jekundu. Hapo mtambo uzimwe mara moja.

Matengenezo

Kapasita huweza kubaki na volti 300 hadi zaidi ya 400 hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo unaua. Fundi huutoa umeme huo kwa rezista iliyounganishwa na chesisi, kisha huhakikisha kwa mita kabla ya kugusa chochote. Kebo ya umeme yenye nyaya mbili hubadilishwa kwa yenye nyaya tatu, na waya wa ardhi (ethi) hufungwa imara kwenye chesisi.

Amplifaya iliyolala miaka mingi huwashwa kupitia balbu ya filamenti iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa muda mfupi kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti. Mtambo wa Marekani wa volti 117 usichomekwe kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 bila transfoma ya kupunguza.

Transfoma ya umeme iliyoungua inaweza kusukwa upya na fundi wa kusuka mota. Ya kutolea sauti ni ngumu zaidi: koili zake hupishana kwa tabaka, na mpangilio ukikosewa sauti nyembamba hupotea.

Marekebisho

Gitaa la solo katika muziki wa dansi linataka sauti safi inayopenya juu ya ridhimu na besi. Kuongeza mkwaruzo, kama wafanyavyo wapigaji wa roki, huharibu kazi hiyo. Badiliko linalofaa zaidi ni dogo: kupunguza thamani ya kapasita ya kathodi kwenye valvu ya awali, ili sauti nzito isizibe nyuzi nyembamba. Kubadilisha rektifaya ya valvu kwa dayodi hupandisha volti, hivyo kusifanywe kabla ya kupima kama valvu na kapasita zinahimili.

Badiliko lolote liwe la kurudishika. Chesisi isitobolewe, vipuri vya asili vifungwe na kuhifadhiwa, na mchoro wa kilichobadilishwa, pamoja na tarehe, ubandikwe ndani ya kasha, ili fundi ajaye asianze kwa kubahatisha.