Ukasisi wa taasisi: Njia ya masomo na ajira kwa kijana wa Kulamawe

KIJANA wa Kulamawe anayevutiwa na kazi ya dini kwa kawaida huona njia mbili tu mbele yake: kuongoza ibada msikitini au kanisani, ama kufundisha madrasa. Ipo njia ya tatu isiyozungumzwa sana, nayo ni ya mhudumu wa kiroho katika taasisi kama vile kambi ya jeshi, gereza, hospitali, shule au chuo kikuu. Wakristo humwita kasisi wa taasisi, nao Waislamu humwita imamu wa taasisi. Kazi yenyewe ina masomo yake, masharti yake na ngazi zake za kupandia.

Kulamawe ni kituo cha wafugaji katika eneo la Garba Tulla, Kaunti ya Isiolo, kando ya barabara iendayo Modogashe. Wakazi wake wengi ni Waborana na ni Waislamu. Magharibi yake uko mji wa Isiolo, wenye kambi za jeshi, gereza, hospitali ya rufaa ya kaunti na shule za bweni. Katika taasisi hizo hukutana Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, wa dini na madhehebu mbalimbali. Kwa hiyo, swali la nani atakayeketi kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi, na kwa lugha gani atasema naye, ni swali zito kwa wenyeji wa sehemu hizi.

Kazi yenyewe

Mhudumu wa kiroho wa taasisi hatofautiani na imamu wa mtaa au mchungaji wa parokia kwa elimu ya dini pekee, bali kwa watu anaowahudumia. Imamu wa mtaa huhudumia waumini waliomjia kwa hiari yao. Kasisi au imamu wa taasisi huhudumia watu waliotengwa na nyumba zao: askari aliye mbali na familia, mfungwa, mgonjwa, au mwanafunzi wa bweni. Wengi wao si wa dini yake. Kwa sababu hiyo, mwiko wake wa kwanza ni kutumia udhaifu wa mtu kumvuta abadili imani. Mgonjwa wa dini nyingine akihitaji kiongozi wa dini yake, ni wajibu wa mhudumu huyo kumtafutia.

Mwiko wa pili ni kutoa siri. Askari anayeogopa kurudi vitani, au mwanafunzi aliyedhulumiwa nyumbani, hatafungua moyo wake kwa mtu asiyeweza kufunga kinywa. Hata hivyo, mhudumu hufundishwa pia mipaka ya siri hiyo, hasa pale maisha ya mtoto au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini.

Msingi wa kisheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 8, yasema kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani. Vifungu hivi viwili husomwa pamoja: serikali haina dini, lakini mtu hapotezi haki ya kuabudu kwa kuvaa sare ya jeshi au kufungwa gerezani.

Kwa upande wa shule, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika sehemu ya 27, inampa mfadhili wa shule jukumu la ushauri katika mambo ya kiroho, pamoja na kuteua makasisi kwa gharama yake mwenyewe. Sheria hiyo pia inamtaka alinde imani ya wanafunzi wa madhehebu mengine. Maneno hayo, "kwa gharama yake mwenyewe", yana uzito. Shule iliyofadhiliwa na kanisa lenye uwezo huweza kupata kasisi wa kudumu. Shule ya umma katika eneo la wafugaji, isiyo na mfadhili wa namna hiyo, huenda ikabaki na mwalimu wa somo la dini akifanya kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Waajiri

Mwajiri mwenye utaratibu ulio wazi zaidi ni Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF). Jeshi hilo huwa na makasisi wa Kikatoliki, wa Kiprotestanti, na maimamu. Nafasi zao hutangazwa katika kundi la maafisa wenye taaluma maalum, pamoja na madaktari, wahandisi na wanasheria. Anayechaguliwa hupata mafunzo ya kijeshi kabla ya kutunukiwa cheo cha afisa. Chini ya Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, Kifungu cha 24, makasisi wa jeshi hulindwa vitani kama walivyo madaktari, kwa kuwa wao si wapiganaji.

Waajiri wengine ni Idara ya Magereza, Huduma ya Polisi, vyuo vikuu, shule zenye wafadhili, na hospitali za makanisa kama vile Tenwek kule Bomet na Kijabe. Hospitali nyingi za umma hutegemea viongozi wa dini wanaojitolea. Wahudumu hao mara nyingi wana moyo wa huruma, lakini hawajapata mafunzo ya kazi hiyo.

Masomo

Hatua ya kwanza ni mtihani wa kidato cha nne (KCSE). Gredi ya C+ ndiyo mlango wa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa Kulamawe afanye bidii katika Kiswahili, Kiingereza na somo la dini yake.

Kwa Wakristo, Chuo Kikuu cha St. Paul's, Limuru, ndicho chenye historia ndefu zaidi. Kilianza mwaka 1903 huko Frere Town, Mombasa, kikahamia Limuru mwaka 1930, na kupata hati ya chuo kikuu mwaka 2007. Kilicho karibu zaidi na Isiolo ni Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya (KeMU), Meru. Kwa Wakatoliki, Kanuni ya 564 ya sheria za kanisa za mwaka 1983 inaweka cheo cha kasisi wa taasisi kwa padre. Kwa hiyo njia hupitia seminari, ambako falsafa na teolojia huchukua miaka mingi. Watawa na walei huweza kuhudumu hospitalini na shuleni kama wasaidizi wa uchungaji.

Kwa Waislamu, shahada ya masomo ya Kiislamu au sharia hupatikana humu nchini, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Umma, Kajiado. Wengine husoma Misri, Saudi Arabia au Sudan. Hao wahakikishe mapema kwamba shahada zao zinatambuliwa na mamlaka za elimu za Kenya, maana wapo waliorudi na elimu nyingi lakini wakakwama kwa karatasi.

Hatua ya pili ni mafunzo ya uchungaji wa hospitalini, yajulikanayo kwa ufupi kama CPE. Yalianza mwaka 1925 nchini Marekani, pale Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kuugua maradhi ya akili, alipowapeleka wanafunzi wa teolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, wajifunze kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Mwanafunzi hutembelea wagonjwa, huandika mazungumzo yao neno kwa neno, kisha wenzake na msimamizi humhoji: kwa nini ulihubiri pale ulipopaswa kunyamaza? Nchini Marekani, ambako Waafrika Mashariki kadha wanafanya kazi hii, kipindi kimoja cha mafunzo hayo ni saa 400, na anayetaka kuthibitishwa kitaaluma hutakiwa kumaliza vipindi vinne. Katika ukanda wetu, mafunzo ya namna hii yametolewa Tenwek na katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania.

Hatua ya tatu ni ushauri nasaha. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, si halali mtu kujiita mshauri wa kitaaluma pasipo kusajiliwa. Mhudumu wa kiroho mwenye stashahada ya ushauri na usajili huo ana nafasi bora ya kuajiriwa.

Idhini ya dini

Shahada peke yake haitoshi. Mwajiri hutaka barua ya dini au dhehebu ikithibitisha kwamba mwombaji ni mtu wao na ana mwenendo mwema. Kwa makanisa yenye maaskofu jambo hili ni jepesi. Mwislamu hana askofu wa kumwandikia. Inambidi ajenge jina lake mapema katika kamati ya msikiti na miongoni mwa maulamaa, na kupitia vyombo kama Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya (SUPKEM), lililoundwa mwaka 1973.

Wasichana nao wasidhani kwamba mlango umefungwa. Makanisa kadha ya Kiprotestanti huwabariki wanawake kuwa wachungaji. Upande wa Waislamu, mwanamke hasimami kuwaongoza wanaume katika sala, lakini wadi ya wazazi, bweni la wasichana na gereza la wanawake humhitaji zaidi mwanamke mwenye elimu ya dini na ya ushauri kuliko imamu mwanamume.

Tahadhari

Usajili wa KDF haulipiwi. Anayedai fedha ili apenyeze jina la kijana ni tapeli, na anayempa fedha hizo naye anavunja sheria. Wazazi wanaofikiria kuuza ngamia ili kununua nafasi watumie mali hiyo kulipa karo.

Kijana wa Kulamawe anayejua Kiborana, Kiswahili na Kiingereza, tena aliyekua akiona ukame ukimaliza mifugo na kuwaacha wazee wamekata tamaa, ana mtaji ambao hauuzwi chuoni. Mzee aliyelazwa Isiolo huelewa mapema anapofarijiwa kwa lugha ya mama yake. Kinachosalia ni masomo na cheti, na maandalizi yake huanza mapema katika shule ya sekondari.