Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kubadilisha Injini ya Gari la Zamani

Gari likitumika kwa miaka mingi, hufika wakati injini yake ikaanza kula oili, kutoa moshi au kuchemsha mara kwa mara. Hapo fundi huweza kumshauri mmiliki anunue injini nyingine iliyokwishatumika, kwa kuwa gharama za kuifungua na kuitengeneza ya awali zinakaribia bei ya injini hiyo. Ushauri huo waweza kuwa sahihi. Hata hivyo, injini kuingia katika nafasi yake si uthibitisho kwamba inaoana na gari, wala kwamba gari hilo litakubalika kwenye kumbukumbu za usajili. Mambo yote mawili huhakikiwa kabla ya fedha kulipwa.

Kusoma alama ya aina ya injini

Kila injini ina alama ya aina yake. Katika magari ya Toyota, ambayo ni mengi katika barabara za Tanzania, alama hiyo huandikwa pia kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya boneti, pamoja na namba ya chasisi na alama ya giaboksi. Kwa mfano, katika alama 5A-FE, herufi A hutaja familia ya injini, tarakimu 5 hutaja toleo ndani ya familia hiyo, na herufi zinazofuata kistari hueleza muundo: F ni aina ya kichwa cha silinda, na E ni upulizaji wa mafuta unaoongozwa kwa umeme.

Herufi hizo za mwisho ndizo hupuuzwa zaidi, ilhali ndizo zinazoweza kumgharimu mnunuzi. Injini za 1AZ-FE na 1AZ-FSE zote zina ujazo wa sentimita 1,998. Hata hivyo, ya kwanza hupuliza mafuta kwenye njia ya hewa nje ya silinda, na ya pili, inayofahamika kwa jina la D-4, huyapuliza moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Mfumo wa mafuta, nyaya na kompyuta za injini hizo ni tofauti. Mnunuzi anayeagiza "injini ya 1AZ" bila kutaja herufi zilizosalia anaweza kupata injini nzima isiyomfaa.

Familia moja, vipimo tofauti

Corolla ya AE110 kutoka Japani ilitengenezwa ikiwa na injini ya 5A-FE yenye ujazo wa sentimita 1,498. Wapo wamiliki wanaopenda kuweka 4A-FE yenye sentimita 1,587, au 7A-FE yenye sentimita 1,762, kwa kuwa zote ni za familia ya A. Injini za 5A na 4A hutofautiana kwa upana wa silinda, ilhali mwendo wa pistoni ni uleule wa milimita 77. Katika 7A mwendo huo ni milimita 85.5, hivyo bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu na mkanda wake wa taimingi haufanani na wa 4A. Vipuri vilivyobaki kutoka injini ya zamani visidhaniwe kuwa vitatumika vyote.

Mwaka wa kutengenezwa nao huangaliwa. Injini za 1NZ-FE za awali hupokea amri ya mafuta kwa kebo itokayo kwenye pedeli, na za baadaye hutumia mota ya umeme. Alama ni ileile, lakini moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine bila kubadilisha vifaa vingine.

Vifaa vinavyoizunguka injini

Kabla ya kununua, fundi alinganishe injini mbili hizo kwa macho na kwa vipimo: sehemu za kushikia mauntini, matundu ya boliti za giaboksi, soketi za nyaya na sensa, mabomba ya maji na ya mafuta, pamoja na mahali pa kufungia altaneta na kompresa ya kiyoyozi. Gari la giaboksi ya kawaida na la otomatiki hayatumii kifaa kimoja nyuma ya injini, hivyo injini iliyotoka kwenye otomatiki huhitaji kuwekewa flaiwili na klachi.

Pale injini inapokuja na kompyuta yake, ihakikishwe kwamba kompyuta hiyo haijafungwa kwa ufunguo wa gari ilikotoka. Magari yenye mfumo wa kuzuia wizi hayawaki iwapo kompyuta haiutambui ufunguo. Aidha, injini yenye nguvu kubwa kuliko ya awali huongeza mzigo kwa rejeta, giaboksi na breki. Gari linaloongezewa mwendo bila kuongezewa uwezo wa kusimama ni hatari kwa waliomo na kwa watumiaji wengine wa barabara.

Hali ya injini yenyewe

Injini inayooana lakini mbovu bado ni hasara. Mnunuzi aombe kipimo cha kompresheni kwa kila silinda, kwani silinda moja ikipungua sana kuliko nyingine huashiria ringi au valvu zilizochoka. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuchanganyika na maji. Makubaliano ya kuirudisha injini ikibainika kuwa na kasoro yaandikwe, na muda wake utajwe.

Kadi ya gari na namba ya injini

Kadi ya usajili hubeba namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilishwa, namba iliyo kwenye kadi haitalingana tena na iliyogongwa kwenye bloku. Tofauti hiyo huweza kuibuka katika ukaguzi wa Polisi, wakati wa kuuza gari au katika madai ya bima, na mmiliki ndiye atakayetakiwa kueleza injini ilikotoka.

Kwa sababu hiyo, mmiliki anapaswa kudai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye maelezo ya injini, kuisoma namba yake kabla ya kulipa, na kuikataa injini ambayo namba yake imekwanguliwa au kugongwa upya. Injini ya wizi haihalalishwi na bei nafuu. Injini ya zamani isitupwe wala kuuzwa kabla namba yake haijanukuliwa.

Baada ya kazi kukamilika, mabadiliko yawasilishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, yenye dhamana ya usajili wa vyombo vya moto, ili kumbukumbu na kadi virekebishwe. Ni vyema mmiliki akafika katika ofisi ya TRA iliyo karibu kabla ya kununua injini, aelezwe nyaraka zinazotakiwa. Nyaraka nyingi hupatikana kwa urahisi siku ya mauzo, na kwa taabu muuzaji akishaondoka.